Milima ya Bhutan ina funzo gani kwetu sisi wa pwani?

Niliporejea Mombasa kutoka safari yangu ya Bhutan, mtu wa kwanza kunihoji alikuwa mzee wangu mmoja wa barazani, ambaye tangu utoto namwamkia shikamoo na kumbusu mkono. Aliniacha nikamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa chungu, kisha akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, wewe umesoma chuo ukahitimu. Ulikwenda kutafuta nini katika nyumba za masanamu?"

Baraza zima likanyamaza. Nikamjibu kwa adabu kwamba nilikwenda kutazama, sikwenda kuabudu, na kwamba Kitabu chetu chenyewe chatutaka tutembee katika ardhi tuyazingatie mambo ya waliotutangulia. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Haya, umetazama. Umeona nini?"

Suala hilo sikuweza kulijibu pale pale, na nilirudi nyumbani nikiwa nimefedheheka kidogo. Leo nataka kulijibu hapa, maana jawabu lenyewe halimhusu mzee wangu peke yake. Lamhusu kila mmoja wetu aliyerithi nyumba ya kale, au aliyesoma chuo ambacho sasa kimefungwa.

Nami nisifiche kitu, wasomaji wangu, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao. Ndugu watano tumerithi nyumba ya babu yetu huko Lamu, nyumba ya mawe ya matumbawe, yenye mlango wa nakshi na daka pana. Katika daka hilo babu alisomesha watoto wa mtaa mpaka alipofariki, na mimi mwenyewe hapo ndipo nilipojifunza alifu na be. Amekuja mnunuzi kutoka ng'ambo, bei yake ni nzuri, naye ataka kuifanya nyumba ya kulaza wageni. Ndugu zangu wanne wamekwisha kukubali. Iliyobaki ni sahihi yangu, na safari hii niliianza nikiwa na kalamu mkononi.

NCHI YENYEWE

Bhutan ni ufalme mdogo uliobanwa na majitu mawili, China upande wa kaskazini na Bara Hindi pande zilizobaki. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 38,000, na watu wake hawafiki laki nane, yaani nchi nzima haina watu wengi kama mji wetu wa Mombasa. Ndege hutua Paro, katika bonde jembamba lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na marubani walioruhusiwa kutua hapo ni wachache, kwani ndege hupinda huku na huku baina ya vilima mpaka abiria akaona mapaa ya nyumba za watu yako sawa na dirisha lake. Mimi niliyezoea mashua ya Mokowe na Lamu, tasbihi haikunitoka mkononi mpaka magurudumu yalipogusa ardhi.

Ulikuwa mwezi wa Disemba. Baridi ya huko haina mzaha, na mtu wa pwani aliyevaa sweta mbili hutazamwa kwa huruma. Mji mkuu, Thimphu, hauna taa za barabarani za kuongoza magari. Katika njia panda iliyo kubwa askari husimama kibandani akaelekeza kwa mikono, na magari yakamtii.

Jioni ya kwanza nilimuuliza kijana aliyekuwa akituongoza magharibi ni upande gani. Sisi wa pwani kibla chetu ni kaskazini, hata neno kibla kwetu limekuwa jina la kaskazini kwa mabaharia. Kule kibla ni magharibi. Nilipomweleza kwamba nataka kusali, kijana yule alisogeza meza, akanipisha nafasi, akatoka na kufunga mlango taratibu. Tangu siku hiyo hakunipangia ziara yoyote bila ya kuniuliza kwanza nyakati za sala zangu. Ni Mbudha kindakindaki, na heshima ile hakuifunzwa na mwajiri wake.

Jambo la pili lililonistaajabisha ni uraibu wao. Nilidhani tambuu ni yetu na ndugu zetu Wahindi tu. Kumbe Bhutan nzima hutafuna popoo kwa jani la tambuu na chokaa, wao wakaita doma, na mgeni hukaribishwa kwa hiyo kama vile bibi zetu walivyokuwa wakikaribisha kwa kijaluba. Nilipoona midomo myekundu ya akina mama wa sokoni Paro, nilikumbuka nyumbani.

PANGO LA CHUI MILIA

Nyumba yao mashuhuri ya watawa huitwa Taktsang, nayo imening'inia katika ukuta wa jabali, mita 3,120 juu ya bahari na kama mita 900 juu ya bonde la Paro. Wenyewe husimulia kwamba katika karne ya 8 mwalimu wao mkubwa, Padmasambhava, alifika katika pango la hapo akiwa amepanda mgongo wa chui milia jike. Hadithi hiyo kila mtu aipime kwa mizani ya imani yake. Yaliyo ya tarehe ni kwamba jengo lenyewe lilianzwa mwaka 1692.

Kupanda ni kwa miguu. Farasi hukuchukua mpaka kiasi cha nusu ya njia, kisha ni wewe na pumzi zako. Pande zote zimetandikwa bendera za dua, za rangi tano, ambazo waamini kwamba upepo ukizipiga huzichukua dua hizo. Mlangoni unavua viatu na kuacha kamera na mkoba. Ndani mna giza, harufu ya taa za siagi, na masanamu ambayo mimi niliyatazama kama nitazamavyo kazi ya fundi, nikamshukuru Mola wangu kwa kunijaalia nilichojaaliwa. Nilikuwa nimechoka mno hata sikuona haya kuketi kizingitini na kufuta jasho kwa kofia.

Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo sikulitarajia. Jengo nililokuwa nikilitazama, kwa sehemu kubwa, si la mwaka 1692. Tarehe 19 Aprili 1998 moto uliliteketeza. Watu wa bondeni waliutazama ukiwaka na hawakuweza kuufikia kwa wepesi, maana ni jabali. Kisha taifa likaanza kujenga, mbao zikapandishwa kule juu, na kufikia mwaka 2005 jengo likasimama tena kwa sura yake ya zamani.

Wala si hilo tu. Ngome ya Wangdue Phodrang, iliyojengwa mwaka 1638, iliungua tarehe 24 Juni 2012 ikabaki kuta. Ilijengwa upya miaka kumi, na mwaka 2022 ikafunguliwa kwa ibada zao.

Nikamuuliza kijana wetu: mnawezaje? Fedha, alikiri, nyingine zilitoka kwa majirani, hasa serikali ya Bara Hindi. Lakini fedha haichongi ubao. Kinachowawezesha ni kwamba mafundi wangalipo. Bhutan inazo sanaa zake kumi na tatu zilizohesabiwa tangu zamani, kama vile uchoraji, uchongaji, useremala, ushonaji na uhunzi, na tangu mwaka 1971 ipo skuli ya serikali Thimphu ya kuzifundisha. Nilikwenda nikawaona vijana wakike na wakiume wameinama juu ya ubao, mwalimu akipita nyuma yao kama seremala wetu anavyomsimamia mwanagenzi. Hapana aliyekuwa akiwapiga picha ila sisi wageni.

Basi hapa pana funzo la kwanza. Jengo la mbao na udongo halidumu, na hata la mawe halidumu. Linalodumu ni mkono ujuao kulijenga. Lamu iliingizwa na UNESCO mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, nasi tukafurahi. Lakini nikikuuliza leo, msomaji wangu, ni vijana wangapi katika mtaa wako wajuao kuchoma matumbawe yakawa chokaa, kutandika boriti na kupiga lipu ya nyumba ya kale, utanihesabia wangapi?

WATOTO WA PUNAKHA

Mahali paliponigusa zaidi si Taktsang. Ni Punakha, bonde lililo chini zaidi, kiasi cha mita 1,200, lenye joto kidogo, mashamba ya mpunga na hata migomba. Hapo mito miwili hukutana, mmoja wauita wa kiume, Pho Chhu, na wa pili wa kike, Mo Chhu, na katikati ya mito hiyo imesimama ngome kubwa nyeupe yenye mapaa ya tabaka tabaka. Ngome namna hii wao huita dzong, na lugha yao ya taifa, Dzongkha, maana yake ni lugha ya dzong.

Aliyeijenga, mwaka 1637, ni kiongozi aliyekimbia kutoka Tibet mwaka 1616, Ngawang Namgyal, ambaye ndiye aliyeyaunganisha mabonde hayo yakawa nchi moja. Punakha ilikuwa makao makuu mpaka mwaka 1955, na tarehe 17 Disemba 1907 mfalme wa kwanza wa ukoo uliopo, Ugyen Wangchuck, alitawazwa hapo. Mwaka 1994 ziwa la barafu lilipasuka kule milimani, mafuriko yakaja, yakaua watu na kuharibu sehemu ya ngome. Nayo pia ilitengenezwa.

Lakini dzong si makumbusho. Upande mmoja ni afisi za serikali ya wilaya, ambako mtu huja na karatasi zake za shamba. Upande wa pili ni watawa wenye ibada zao na chuo chao. Wakati wa baridi mkuu wa watawa wa nchi nzima, aitwaye Je Khenpo, huhama Thimphu pamoja na watawa wake wakaja kukaa Punakha kwenye joto, wakarudi majira ya mvua yakikaribia. Kwa hivyo nilipofika mimi nyumba ilikuwa imejaa.

Nikasikia sauti. Niliisikia kabla ya kuwaona wenyewe, nikasimama ghafla uani hata mwenzangu akanigonga mgongoni. Ilikuwa sauti ya watoto wengi wanaosoma kwa pamoja, kila mmoja na pahala pake, wengine mbele na wengine nyuma, na viwiliwili vikiyumba. Tukachungulia. Walikuwa wavulana wa miaka minane, tisa, kumi, wamenyolewa, wamevaa mashuka mekundu, wameketi chini mbele ya kurasa ndefu zisizoshonwa, zinazofungwa baina ya mbao mbili na kuvishwa kitambaa. Lugha waliyokuwa wakisoma ni ya vitabu, si ya nyumbani kwao. Maana yake wataifahamu baadaye. Na mtu mzima alikuwa akipita baina yao, mjeledi mkononi, na mtoto aliyekuwa akisinzia alipomwona aliongeza sauti.

Wallahi nilicheka, kisha nikahisi machozi. Nilikiona chuo cha babu. Niliuona ubao wangu, wino wa masizi, rehali iliyovunjika mguu, na bakora iliyokuwa ikituhesabia makosa. Wanayosoma wale siyo tunayosoma sisi, na baina ya hayo mawili kuna umbali ambao mimi sitaufupisha kwa ajili ya adabu ya msafiri. Lakini namna ya kumpa mtoto jambo la wazee wake, akalihifadhi kwanza na kulielewa akikua, ni ile ile. Wao wanayo hai, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1637. Sisi daka letu limefungwa kwa kufuli ya Kichina, na ufunguo ninao mimi.

WAGENI NA KORONGO

Watu wengi wameusifu ufalme huu kwa sababu ya msemo wa mfalme wao wa nne, Jigme Singye Wangchuck, aliyesema katika miaka ya 1970 kwamba furaha ya taifa ni muhimu kuliko jumla ya mapato yake. Msemo mzuri, lakini mimi nilitaka kuona vitendo, na baadhi niliviona.

Katiba yao ya mwaka 2008 yaamuru kwamba asilimia 60 ya nchi ibaki misitu siku zote. Milima yao mirefu hairuhusiwi kupandwa, na Gangkhar Puensum, wenye mita 7,570, haujapata kukanyagwa kileleni. Katika bonde la Phobjikha, karibu na nyumba ya watawa ya Gangtey, korongo wa shingo nyeusi huja kutoka Tibet kila mwaka wakati wa baridi, na wenyeji husema kwamba ndege hao huizunguka nyumba hiyo mara tatu wakifika na mara tatu wakiondoka. Umeme ulipopelekwa bondeni humo, waya zilizikwa ardhini ili korongo wasigonge. Nilisimama kando ya kinamasi kile asubuhi, umande umeganda kwenye nyasi, nikawasikia wakilia.

Ama wageni, walifunguliwa mlango mwaka 1974, kwa masharti. Tangu Septemba 2022 kila mgeni mzima alitozwa dola 200 kwa siku mbali na gharama zake. Septemba 2023 ada hiyo ikapunguzwa kuwa dola 100, mpaka Agosti 2027. Raia wa Bara Hindi hulipa rupia 1,200. Serikali yasema fedha hizo huingia katika matibabu na elimu ya bure ya wananchi, na katika kuhifadhi nchi. Mimi kwa mfuko wangu nililia, na bila ya mwaliko nisingekwenda. Lakini hapana mgeni niliyemwona akiingia nyumba ya ibada na nguo ya kuogelea. Sisi pwani tumefungua mlango mpaka bawaba zimeng'oka, kisha twalalamika kwamba upepo waingia.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Nikikomea hapa, msomaji, nitakuwa nimekudanganya. Safari isiyosema aibu ya mwenyeji ni matangazo ya biashara.

Kusini mwa nchi hiyo walikuwako wakulima wenye asili ya Nepal, wengi wao Wahindu, walioanza kuhamia huko tangu mwisho wa karne ya 19. Wao huitwa Lhotshampa, yaani watu wa kusini. Mwaka 1985 ilipitishwa sheria mpya ya uraia, na katika sensa ya mwaka 1988 watu hao wakatakiwa kuonyesha ushahidi kwamba walikuwako tangu mwaka 1958. Asiye na karatasi akaitwa mgeni. Mwaka 1989 ikatoka amri ya mfalme kwamba kila mtu avae vazi la watu wa kaskazini, joho la gho kwa wanaume na kira kwa wanawake, na lugha ya Kinepali ikaondolewa skuli. Watu wakaandamana mwaka 1990, serikali ikawakamata wengi, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu laki moja wakajikuta kambini mashariki mwa Nepal. Huko walikaa karibu miaka ishirini. Kuanzia mwishoni mwa 2007 walianza kuhamishiwa nchi nyingine, wengi wao Marekani.

Laki moja katika nchi isiyofika watu laki nane! Na yote hayo yalifanywa kwa jina la kulinda mila.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa uchungu huo. Ni nani miongoni mwetu asiyejua habari ya kijana aliyekwenda afisi moja kutaka kitambulisho akaulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake? Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa, na babu yangu alizaliwa katika nyumba ile ile ya Lamu, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiandika vyeti. Kwa hivyo kila nilipoona joho zuri la kijana wetu, na shali nyeupe aliyojitanda kila alipoingia dzong, nilikumbuka wale waliolazimishwa kulivaa, na wale waliofukuzwa.

Nilimuuliza. Alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye alikuwa hajazaliwa, na kwamba wazee hawapendi kulizungumza. Halafu, kama anayebadilisha mazungumzo, akaniambia kwamba kakake yuko Australia, na rafiki zake wengi wako huko au wanajiandaa kwenda, kwa kuwa kazi nyumbani hazitoshi. Ni kweli, vijana wa Bhutan wamehama kwa maelfu katika miaka ya karibuni. Nikafahamu kwamba hata ufalme wenye sheria ya mavazi hauwezi kumfunga kijana kamba mguuni.

Hili ndilo funzo la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Mila inayolindwa kwa askari huanza na kudhulumu jirani, na mwisho hupoteza watoto wa nyumbani. Wavulana wa Punakha hawasomi kwa sababu ya amri ya mwaka 1989. Walikuwa wakisoma miaka mia tatu na zaidi kabla yake, kwa sababu wazazi wao waliwapeleka. Wapo miongoni mwetu waonao kwamba dawa ya mambo yetu ni kukataza: kukataza wageni, kukataza watu wa bara, kukataza kijana asivae hivi wala kusikiliza vile. Mimi siafikiani nao. Unaweza kumfukuza mgeni mtaani, na chuo kikabaki kimefungwa.

JAWABU LANGU KWA MZEE

Sasa nimjibu mzee wangu. Nilichokiona Bhutan ni nyumba zinazotumika. Zikiungua hujengwa tena, kwa kuwa wako watu ambao kesho asubuhi watahitaji pahala pa kuketi na kusoma. Nyumba isiyo na wa kuihitaji, hata ukiipaka chokaa kila mwaka, imekwisha kuwa kaburi.

Wala mfano si lazima tuufuate mpaka Bhutan. Hapo hapo Lamu msikiti wa Riyadha, alioasisi Habib Saleh, haukuhitaji kibao cha mtu kuuhifadhi. Watu huujaa, watoto husoma, na kila mwaka Maulidi huleta wageni kutoka kila pembe. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ina mawe imara zaidi, lakini leo mtu huingia kwa tikiti na kutoka saa ya kufunga ikifika.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikimlaumu yule mnunuzi wetu. Nimeandika hata mashairi ya kuwalaumu walionunua nyumba za Lamu. Lakini mtu yule hakufunga chuo cha babu. Kilifungwa babu alipofariki, nasi wajukuu tulikuwa mjini na kazi zetu, kila mmoja akitaraji mwenziwe atarudi. Mimi, mwenye kalamu na hoja, sijamketisha mjukuu wangu hata mmoja katika daka lile. Ndugu zangu wataka kuuza kwa haja ya kweli: mmoja ana mtoto chuo kikuu, mwingine ana mgonjwa, na boriti za orofani zimeliwa na mchwa. Siwezi kuwaambia wabaki na haja zao ili mimi nibaki na kumbukumbu zangu.

Nilichowaandikia ni hiki. Wanipe muda mpaka baada ya Ramadhani. Orofa za juu tuzitengeneze na kuzikodisha sisi wenyewe, hata kwa wageni, wenye fungu wapate fungu lao kwa mujibu wa sharia. Chini, daka na ukumbi, tuviweke wakfu, arudi mwalimu wa mtaa asomeshe jioni, na kodi ya juu imlipe yeye na fundi. Wakfu hatukuukopa kwa mtu. Misikiti na visima vya pwani nzima vilisimama kwa huo. Fungu langu la kodi kwa miaka mitatu ya mwanzo nimelitoa kwa boriti. Na kama mpaka wakati huo hatutapata wanafunzi kumi wa kuketi pale, nitatia sahihi yangu wala sitaandika beti moja ya kulalama.

Ndugu wawili wamekubali kungoja. Wawili bado hawajajibu.

Nawe msomaji, kabla ya kuwalaumu walionunua au serikali isiyosaidia, jiulize kwanza ni lini mara ya mwisho mtoto wako aliingia katika nyumba unayoililia. Nami nawaaga kwa ubeti huu mmoja, nilioutunga nikiwa nashuka Taktsang, magoti yakinitetemeka:

Nimefika kwa jabali, mbali kulikoinuka,
Nyumba zapata ajali, na tena zasimamika,
Hazikulindwa kwa mali, ni kwa watu kuzitaka,
Zetu naleta suali, ni nani wa kuzishika?